Mama Mkwe Hakupiga Miayo

Mpendwa Bi Polixeni, nakuandikia kwa sababu kusema siwezi. Mdomo wangu haufunguki zaidi ya upana wa kidole kimoja, chakula changu wiki ya pili sasa ni supu ya trahana ya ngano na maziwa, iliyochujwa, ambayo naila kwa kijiko cha mtoto, na nakuomba msaada lakini nakuomba pia, kwa roho za marehemu wako, usiisome barua hii redioni, maana mama mkwe wangu hukusikiliza kila siku saa nne asubuhi, redio juu ya friji, sauti mpaka mwisho, huku akikunja majani ya mzabibu na kubishana nawe kana kwamba umekaa naye mezani. Nijibu kwa karatasi, uiache kwenye kibanda cha magazeti pale kituo cha mabasi kwa jina la Mwenye Nusu Mdomo, nitaifuata mwenyewe. Majina yote humu nimeyabadilisha, mambo sikuyabadilisha.

Jino lenyewe lilikuwa gego la mwisho la chini, upande wa kulia, lile tunaloliita jino la busara, nalo lilianza kunisumbua tangu nikiwa na mimba, likaota kwa ubavu likimsukuma mwenzake, basi nikajifungua, nikanyonyesha, nikavumilia, hadi mwezi wa tatu uso ukavimba, na mume wangu, nitamwita Lazaros, akasema tunahangaika nini na Anestis yupo. Anestis ni daktari wa meno na ni kumbaro wetu, nami kwake na kwa mkewe ni kumbara, ndiye aliyetubadilishia mataji kanisani siku ya harusi na ndiye atakayembatiza binti yetu Jumapili ya Tomaso, wiki moja baada ya Pasaka. Mtoto ana miezi kumi na mpaka leo tunamwita Bebe, kwa sababu jina lake halitamkwi mpaka kumbaro alitamke mbele ya padri. Wewe unajua kumbaro ni nini huku kwetu. Ndugu wa damu unaweza kugombana naye ukampita njiani usimsalimu, kumbaro huwezi. Tena huyu ndiye aliyemchimbua Lazaros kwenye theluji kwa mikono yake mwaka ule lori la mbao lilipoporomoka, kwa hiyo nyumbani kwetu jina la Anestis hutajwa kwa adabu, kama la mtakatifu wa parokia.

Alinifungulia kliniki siku ya sikukuu, tarehe ishirini na tano Machi, baada ya gwaride, na kwa kuwa msaidizi wake alikuwa mapumzikoni, mkewe Chrysanthi akavaa glavu akashika bomba la kuvuta mate. Anestis alikuwa ametoka kula samaki na kitunguu saumu kama mji mzima, pumzi yake ilinifikia kabla ya sindano ya ganzi. Chrysanthi akachungulia mdomoni mwangu kwa yale macho yake ya kijani, akasema, "Jamani kumbara, una meno kama lulu, wengine tunayalipia haya," na hakutema, Bi Polixeni, hakusema ftu ftu ftu kuzuia jicho baya, alisifu tu akanyamaza. Kazi ikachukua saa moja na robo. Anestis alivuta, akakata, akapumzika, akaegemeza goti kwenye kiti, jasho likamdondoka hadi kwenye kitambaa changu cha kifuani, kisha nikasikia ndani ya kichwa mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, naye akatulia tuli. Chrysanthi akamuuliza kwa sauti ya chini, "Limetoka lote?" Akajibiwa, "Wewe shika taa." Baada ya dakika kumi akanishona nyuzi mbili, akanifungia vipande vya jino kwenye pamba, akacheka, "Kumbara, jino lako lina ukaidi kama mwenyewe." Nyumbani nikavipanga vile vipande kwenye kisahani nikaona mzizi mmoja mrefu na mwingine kisiki, nikamwonyesha Lazaros, naye akavizoa vyote akaenda kuvirusha juu ya paa, kama tunavyowatupia kunguru meno ya watoto, akarudi anacheka peke yake.

Siku ya tatu maumivu yakapanda sikioni. Hapo mama mkwe, nitamwita mama Evanthia, akanitazama akasema ni jicho, tena zito. Yeye ndiye anayewaondolea watu jicho mtaa mzima, hata kwa simu kuna wanaompigia kutoka Ujerumani, maneno yake alifundishwa na babu yake, na ishara anayoifuata si ya mafuta kwenye maji kama wafanyavyo wengine, ni miayo. Akikusomea akapiga miayo, una jicho. Akipiga mpaka machozi, jicho ni zito. Asipopiga, huna kitu. Basi akanishika paji la uso, akanong'ona mara tatu, akapiga miayo mpaka nikaliona koo lake, na wewe unajua miayo inavyoambukiza, mdomo wangu ukafunguka wenyewe kabla sijauzuia, nikasikia nyuzi zote mbili zikikatika, damu ikanijaa kwenye ulimi.

"Umeona?" mama akasema, anajifuta machozi. "Limetoka hilo!"

Kesho yake sikuweza hata kumnyonyesha Bebe kwa kutetemeka. Nikarudi kwa Anestis, akatazama akauliza, "Umekula nini wewe?" Nikasema mkate, maana ningemwambiaje daktari kwamba nyuzi zake zimekatwa na miayo ya mama mkwe. "Mkate gani, wa mawe?" akasema, kisha akaniambia tundu limekauka, damu iliyopaswa kulifunika imetoka, akanipaka dawa inayonuka karafuu, nikapata nafuu ya siku mbili. Nikarudi tena. Nikarudi mara ya tatu nikamuuliza kama si vizuri tupige picha, akasema mashine ya picha ni mbovu na picha yenyewe haina haja, akanipigapiga begani. "Kumbara, wanaume wa mita mbili wanatoka kwenye kiti hiki wanaenda kucheza ngoma. Wewe unadeka. Hebu mwambie bibi akusomee." Alisema kwa mzaha, lakini Lazaros alikuwa amesimama mlangoni na aliuchukua kama cheti cha daktari.

Tangu siku hiyo kila Lazaros akirudi kazini, kabla hajavua buti, anauliza, "Vipi mama, umepiga miayo?" Mama anajibu, "Nimepiga mwanangu, mpaka taya imeniuma." "Macho ya nani?" "Ya kijani." Basi mabega yake yanashuka, anakaa, anakula. Kwa sababu kama ni jicho la Chrysanthi ni mambo ya wanawake, yataisha, lakini kama ni mkono wa Anestis, hapo Lazaros hana pa kusimama. Nilipomgusia tu kwamba kuna daktari mwingine barabara ya posta, akaweka uma chini. "Ukikanyaga kwake," akasema, "umemwita Anestis mchinjaji mbele ya mji mzima. Wote wale wanakunywa kahawa meza moja. Na nani atambatiza mtoto? Yule wa posta?"

Chrysanthi naye alikuja mara tatu, kila mara na halva, kila mara anauliza, "Unaweza kufungua mdomo? Hebu nione." Mama akawa anamtilia punje za kitunguu saumu kwenye mfuko wa koti lake pale kwenye kigingi, ili macho yake yapoe, na mara ya pili Chrysanthi alizikuta, akatuangalia, akazirudisha mfukoni kimya kimya. Mara ya mwisho nilipomsindikiza alinishika mkono ngazini akaniambia haraka haraka, "Nenda Thesaloniki ukapige picha ya taya, na usimwambie mtu kama ni mimi niliyekwambia." Nikamweleza mama. Mama akatema mara tatu. "Sasa anataka kukutoa na mjini kabisa!" akasema, nami nikakubaliana naye, naona aibu kukiandika hiki.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Jumapili hii, baada ya ibada, Lazaros alikuwa bado uani kwa kanisa na wenzake, mama akanikalisha jikoni kama kawaida, akanishika paji, akasoma. Hakupiga miayo. Akasoma mara ya pili, polepole, akivuta kila neno. Hakuna. Akafungua mdomo kidogo kama anayeita kitu kije, ukajifunga wenyewe. Akaniwekea kiganja chini ya taya, penye uvimbe, akakiacha pale muda mrefu, na uso wake, Bi Polixeni, sijawahi kuuona vile, hata siku tuliyomzika baba mkwe.

"Mwanangu," akasema, "hapa hapana jicho la mtu."

"Soma tena, mama."

"Nimesoma mara mbili. Hili ni la nyama na mfupa. Siliwezi mimi. Inuka twende hospitali."

Nikamshika magoti. Nilimwambia mama usimwambie Lazaros, nakuomba, zimebaki wiki tatu tu mtoto abatizwe, ukisema si jicho atajua ni Anestis, na akijua ni Anestis, hataweza kumtazama usoni, na akitazamwa vibaya Anestis naye ni mtu mwenye hasira, atasema tafuteni kumbaro mwingine, na mtoto wangu atakaa bila jina kama mbwa wa barabarani. Akasema, "Na wewe je?" Nikasema nitavumilia. Tukasikia buti kwenye ngazi. Lazaros akaingia, akauliza, "Vipi mama, umepiga miayo?" Mama akanitazama, kisha akafungua mdomo akapiga mwayo mkubwa wa uongo, akasema, "Huu hapa mwanangu," na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya uongo. Tangu hapo hasemi nami sana. Anakunja majani yake.

Leo ni Jumatatu. Homa ni thelathini na nane na nusu. Uvimbe umeshuka chini ya kidevu na ni mgumu kama tunda bichi, kumeza mate kunanichoma mpaka sikioni, na nikijaribu kusema sauti yangu inatoka kama nimeweka kiazi cha moto mdomoni, kwa hiyo namwambia Lazaros nina mafua, nafunga shali. Tsipuro, pombe yake kali ya zabibu, alilonipa niliweke kwenye tundu limenibabua shavu. Vidonge vya maumivu nilikuwa nameza viwili, sasa nameza vinne. Nachouliza ni hiki, na nakuomba unijibu kama mama: je, nivumilie mpaka ubatizo upite, halafu niende Thesaloniki kimya kimya? Au nimwambie Anestis ana kwa ana, na nikimwambia, nimtajie na miayo iliyokata nyuzi? Kwa sababu pengine kosa si lake, pengine ni letu, na nitakuwa nimevunja ukumbaro kwa kosa la jikoni kwetu.

Wako,
Mwenye Nusu Mdomo

BI POLIXENI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako umeiandika jana, imefika leo na basi la saa mbili, na sasa ni saa nne na robo. Umeniomba nisiisome redioni. Nimeisoma, yote, kuanzia trahana mpaka kiazi cha moto, na mama mkwe wako ameisikia. Nilaumu baadaye. Nataka sana uwe na uwezo wa kunilaumu.

Mimi si daktari, nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, kwa hiyo kabla sijafungua kipaza sauti nilimpigia mtu anayepasua mataya kwa kazi yake. Nikamsomea ile sehemu ya homa, ya kumeza na ya sauti. Sikumaliza. Alinikatiza akauliza, "Huyu mtu yuko wapi sasa hivi?" Nikamwambia sijui, hakuandika jina. Akasema, "Basi mwambie asimalize kusikiliza kipindi chako." Unanielewa? Uvimbe unaoshuka chini ya kidevu na mdomo usiofunguka si mambo ya fizi tena. Usaha unatafuta njia, na njia iliyo karibu ni kooni, mle mle pumzi inamopita. Unaniuliza juu ya wiki tatu. Mimi sina hakika na siku tatu, naye hakutaka kunipa hata moja.

Kwa hiyo hospitali ya mkoa, kitengo cha dharura, sasa. Si daktari wa posta, si Anestis, si kesho baada ya kupika. Usilale chali njiani, kaa wima. Usimeze kidonge kingine, na hivyo vinne ulivyomeza uvitaje kwa idadi na kwa saa, wala usione haya. Tsipuro mwachie mumeo anywe, limetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiona pumzi inabana au mate hayamezeki, piga 112 hapo hapo, hata kama uko mita mia kutoka hospitali. Na ukifika useme hivi, au uandike kwa kuwa kalamu unaijua vizuri: gego la chini kulia liling'olewa tarehe ishirini na tano Machi, lilivunjika, nadhani mzizi umebaki. Maneno kumi na manne. Hakuna kumbaro ndani yake, hakuna jicho ndani yake, na hakuna mtu uliyemtukana.

Sasa nikuseme kidogo, maana umenikera.

Umekaa wiki nne unapima ugonjwa wako kwa mdomo wa mtu mwingine. Mimi sicheki miayo, usije ukanielewa vibaya. Shangazi yangu alikuwa anapiga mpaka jirani anagonga ukuta, na nikitoka kwenye harusi nimesifiwa sana nami huinamisha kichwa nisomewe, na Kanisa lenyewe lina sala yake kwa jicho baya. Lakini hata aliye na imani kiasi gani anajua jicho halifanyi usaha. Na unajishtaki kwa zile nyuzi mbili kana kwamba umeiba. Sikiliza: mwayo unaweza kukata uzi, binti, mwayo hauvunji mzizi. Tundu likikauka huuma kweli, huuma vibaya, lakini baada ya wiki moja au mbili kila siku huwa afadhali kuliko jana. Lako kila siku ni baya kuliko jana. Wewe mwenyewe uliona kisiki kwenye kisahani. Uliona kwa macho yako, ukaacha kirushwe juu ya paa, ukaenda kuuliza kunguru! Wala usimtume mtu kupanda kukitafuta. Picha ya taya itasema kilichobaki, na picha haina kumbaro.

Tena mnatia vitunguu saumu kwenye koti la mwanamke ambaye ndiye pekee aliyekuambia la kweli. Chrysanthi alikuwa ameshika taa. Aliuliza "limetoka lote?" na hakujibiwa, na tangu siku hiyo hajalala vizuri, vinginevyo nani analeta halva mara tatu na kuomba kutazama mdomo wa mtu? Alikuwa anajaribu kukuambia bila kumwaibisha mumewe. Ninyi mkatema. Alizikuta punje mfukoni akazirudisha asiseme neno, na mimi nimemfikiria mwanamke huyo asubuhi yote. Ukipona, mtu wa kwanza kumtembelea ni yeye, na uende na kitu.

Anestis nitamsema kwa haki. Mzizi humvunjikia daktari yeyote, bingwa na asiye bingwa, na mifupa ya watu haikuchongwa kwa ajili ya madaktari. Hilo si kosa. Kosa ni "wewe shika taa." Kosa ni kumwambia mgonjwa mara tatu kwamba anadeka, na mashine mbovu hapo hapo pembeni, badala ya kusema, kumbara, limenishinda, twende kwa mwenzangu. Daktari, kama kliniki yako ina redio, hapo ulipo unajijua, na mgonjwa wako yuko njiani kwenda hospitali. Wapigie uwaeleze ulichofanya na ulichoacha. Ukifanya hivyo leo, bado unaweza kusimama kwenye kisima cha ubatizo ukiwa umenyoosha shingo.

Lazaros, wewe nakuelewa kuliko unavyodhani. Mtu aliyekuchimbua kwenye theluji kwa mikono yake si mtu wa kumtilia shaka. Lakini niambie, siku ile chini ya theluji, angekaa pembeni akiuliza kwanza lori ni la nani, na mwenye lori ataudhika vipi, ungekuwa unavua buti leo? Hakuuliza. Alichimba. Basi chimba na wewe. Mtu aliye chini sasa ni mkeo. Ukimpeleka hospitali hutakuwa umemsaliti Anestis, utakuwa umefanya alichokufanyia.

Na huo ubatizo unaoulilia, binti. Mtoto hatabaki bila jina, hajapata kutokea mtoto hapa kwetu aliyekosa jina, hata ubatizo ukisogezwa mpaka Pentekoste. Padri atasubiri, kumbaro atasubiri, kama si huyu ni mwingine. Lakini jina la mama yako wewe, ambalo najua ama mtampa, kama ilivyo desturi ya mjukuu kurithi jina la bibi, ama mliligombania, nani atamfundisha mtoto kulitamka? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeyaficha kwa shali, kwa mafua ya uongo, na kwa mwayo wa kuazima. Inatosha.

Hapa namalizana nawe, kwa sababu nakujua. Utasema nasubiri kwanza Lazaros arudi, nasubiri nimwogeshe mtoto, nasubiri karatasi kwenye kibanda cha magazeti. Karatasi hakuna, sijaandika. Kwa hiyo nitazungumza na mwenye redio.

Mama Evanthia, jina si lako lakini jikoni ni kwako. Umebishana nami miaka mingi, na leo nakuomba usibishe. Jumapili hukupiga miayo. Ulimshika mtoto wa watu ukatafuta jicho kwa moyo wako wote, hukulipata, ukasema ukweli kwa sauti, na ulikuwa na akili kuliko daktari, kuliko mwanao, kuliko huyu aliyekushika magoti. Kisha ukampigia mwayo wa uongo kwa sababu alilia. Huo utasamehewa. Wa pili, mama, usiupige, maana jioni hii hii mwanao akiingia na buti zake atakuuliza tena, na hapo itakuwa umechelewa kumwambia hapana.

Majani yaache yalivyo. Mtoto mpe jirani. Mvalishe mkaza mwanao koti, umshike mkono asije akarudi mlangoni, na kama hakuna gari simamisheni lolote linalopita.

Zima redio, mama. Nendeni.